Protoni tatu, mpando mmoja: kusoma mchoro wa titresheni ya asidi dhaifu

Asidi ya sitriki, ile inayoipa ndimu ukali wake, ina protoni tatu za kutoa. Ikitonwa kostiki, yaani haidroksaidi ya sodiamu, kidogokidogo huku pH ikipimwa, mtu angetarajia mchoro wenye mipando mitatu, sehemu ambazo pH hupanda ghafla, mmoja kwa kila protoni. Mchoro unaotoka una mpando mmoja tu. Asidi ya fosforiki, inayotiwa kwenye soda nyeusi za kola, nayo ina protoni tatu, lakini mchoro wake una mipando miwili. Asidi ya kaboniki, ambayo chumvi zake zimejaa katika maji ya Ziwa Albert, ina protoni mbili na mipando miwili, ila mmoja wa mipando hiyo ni hafifu kiasi cha kumtoroka mpimaji mwenye haraka. Idadi ya protoni na idadi ya mipando ni mambo mawili mbalimbali, na makosa mengi ya kusoma michoro hii yanatokana na kuyachanganya.

Titresheni yenyewe ni kazi ya mikono isiyo na fumbo. Asidi ya ujazo unaojulikana, tuseme mililita 25, huwekwa kwenye chupa. Juu yake husimamishwa bureti, mrija mrefu wa kioo uliochorwa mistari ya mililita na wenye bomba dogo chini, ukiwa umejazwa kostiki ya ukolezi unaojulikana. Kostiki huachiwa kidogo, chupa hutikiswa, pH husomwa na kuandikwa, kisha huachiwa tena. Mwishoni ujazo wa kostiki hupangwa kwenye mstari wa ulalo na pH kwenye mstari wa wima. Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, na kina tabia moja isiyopaswa kusahaulika: kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 4 yana protoni huru mara kumi kuliko ya pH 5, na mara elfu kuliko ya pH 7. Bila tabia hiyo mipando isingekuwapo.

Msingi wa yote ni asidi dhaifu yenye protoni moja, mfano ile ya siki. Asidi ya asetiki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita huanza kwenye pH 2.9. Kostiki ya ukolezi huohuo inapoanza kuingia, pH hupanda upesi kidogo, kisha mwendo hupoa. Kwa mililita nyingi mfululizo pH hujikokota kutoka 4 hadi 5 na kitu. Kostiki haipotei bure wakati huo: kila chembe yake inanyakua protoni moja. Lakini chupani sasa mna asidi ambayo haijaguswa pamoja na asetati iliyokwisha kutengenezwa, na mchanganyiko wa hizo mbili huishikilia pH isiende mbali. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa bafa. Nusu ya safari, kwenye mililita 12.5, asidi na asetati ni sawa kwa sawa, na mita ya pH husoma 4.76. Namba hiyo ndiyo pKa ya asidi ya asetiki, yaani kipimo cha jinsi inavyoing'ang'ania protoni yake. pKa ikiwa kubwa, protoni imeshikwa sana.

Karibu na mililita 25 asidi inakwisha, na hakuna tena cha kuizuia pH. Kati ya mililita 24 na 26 inaruka kutoka 6.1 hadi 11.3. Katikati ya mruko huo ndipo kostiki iliyoingia inapolingana hasa na protoni zilizokuwepo. Hiyo ndiyo nukta ya usawa, na kwa siki iko kwenye pH 8.7, si 7, kwa sababu kilichobaki chupani ni asetati, nayo ni besi dhaifu. Kisha mstari hulala tena, kwa kuwa kinachoongezeka ni kostiki tupu.

Umbo hilo ni kama njia ya kutoka Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, kwenda Bunia, mashariki mwa Kongo: tambarare ya ziwani kwenye mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingo mkali wa Bonde la Ufa, halafu uwanda wa juu mjini kwenye mita 1,275. Kila sehemu ina habari yake. Tambarare, kwa kimo chake, huonyesha ni asidi gani iliyomo. Mpando, kwa mahali unapotokea kwenye mstari wa ulalo, huonyesha ni kiasi gani. Msomaji anayetazama mpando peke yake anaacha nusu ya habari mezani.

Asidi yenye protoni zaidi ya moja haizitoi zote kwa mkupuo. Ya kwanza ikitoka, molekuli hubaki na chaji hasi, na chaji hiyo huzivuta protoni zilizosalia zisitoke. Kwa hiyo kila protoni ina pKa yake, na kila inayofuata ni kubwa kuliko iliyotangulia. Linaloamua sura ya mchoro ni pengo kati ya pKa moja na nyingine. Pengo likifika 4 au zaidi, yaani protoni ya pili imeshikwa mara elfu kumi kuliko ya kwanza, asidi inamaliza karibu protoni zote za kwanza kabla ya kugusa za pili, na kati ya tambarare mbili unajitokeza mpando unaoonekana wazi. Pengo likiwa dogo kuliko hapo, kazi mbili zinapishana: protoni za pili zinaanza kutoka wakati za kwanza bado zipo, na bafa ya pili inaupokea mstari kabla haujapata nafasi ya kuruka. Hata kama vikundi viwili vya asidi vingekuwa mbali kiasi cha kutosikiana kabisa, hesabu ya nasibu peke yake ingezitenga pKa zao kwa 0.6. Mapengo ya kweli yanaanzia hapo kwenda juu.

Asidi ya fosforiki ndiyo mfano unaofundisha vizuri zaidi. pKa zake ni 2.15, 7.20 na 12.35, kwa hiyo mapengo yote mawili yanazidi 5. Protoni zake zote tatu zimekaa kwenye oksijeni zinazoizunguka atomi moja ya fosforasi, na chaji inayoachwa na moja huzifikia nyingine kwa nguvu zote. Mililita 25 za asidi hii, kwa ukolezi wa moli 0.1, huanza kwenye pH 1.6. Mpando wa kwanza uko kwenye mililita 25, katikati yake pH 4.7. Tambarare ya pili ina kitovu chake kwenye mililita 37.5, na hapo mita husoma 7.2. Mpando wa pili uko kwenye mililita 50, pH 9.7 hivi. Kwenye mililita 75, ambapo protoni ya tatu inapaswa kuwa imekwisha, pH ni 12.2 na mstari unapita umelala, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Protoni ya tatu ipo, ila maji yameificha. Kufikia pH 12 kostiki inayodondoka haina tofauti kubwa na mmumunyo inakoingia. Mstari hauwezi kuruka kwenda juu kwa kuwa juu hakuna mahali pa kwenda. Kanuni ya pengo la 4 kwa hiyo ina sharti la pili: tambarare yenyewe iwe ndani ya dirisha ambalo maji yanaruhusu kuona, kuanzia pH 2 hadi 11 takriban. Wanakemia wana ujanja wa kuitoa protoni hiyo mafichoni. Wakitia kloridi ya kalsiamu, fosfati inaungana na kalsiamu na kutuama chini kama unga mweupe, na protoni iliyoshikwa inaachiliwa ipimwe kama nyingine.

Kitovu cha tambarare ya kwanza nacho kina mtego mdogo. Vitabu vya shule husema kwamba pH ya nusu ya safari ni sawa na pKa. Kwa siki ni kweli. Kwa fosforiki, kwenye mililita 12.5 mita itasoma karibu 2.3, wala si 2.15, kwa sababu protoni hii ya kwanza imelegea kiasi kwamba sehemu yake inatoka yenyewe bila kungoja kostiki. Mwanafunzi anayepata 2.3 hajakosea kupima. Kanuni ndiyo iliyofika mwisho wa uwezo wake.

Kwa asidi ya fosforiki tupu, ujazo wa kufika mpando wa kwanza na ujazo wa kutoka mpando wa kwanza hadi wa pili ni sawa. Usawa huo ni chombo kizuri cha uchunguzi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kiasi cha kwanza kikizidi cha pili, kuna asidi nyingine kali iliyochangia mwanzoni. Cha pili kikizidi cha kwanza, kuna kitu chenye pKa kati ya 5 na 9 kilichojipenyeza katikati. Soda ya kola iliyofunguliwa sasa hivi na kuwekwa moja kwa moja chini ya bureti hutoa picha hii ya pili. Mkosaji ni gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo majini huwa asidi ya kaboniki yenye pKa ya 6.35. Kwa hiyo soda huchemshwa kwanza au hutikiswa hadi itulie. Asiyefanya hivyo atatangaza fosforiki nyingi ambayo haimo, na mchoro wake ulikuwa umemwonya kwa ile tofauti ya ujazo.

Sitriki ni upande wa pili wa hadithi. pKa zake ni 3.13, 4.76 na 6.40, mapengo ni 1.6 tu. Protoni zake tatu zimeshikwa na vikundi vitatu mbalimbali vilivyotenganishwa na atomi za kaboni, na chaji ya kimoja humfikia jirani ikiwa imefifia. Mililita 25 za ukolezi wa moli 0.1 huanza kwenye pH 2.1, na kutoka hapo mstari hupanda mteremko mmoja mrefu usio na kituo: 3.9 kwenye mililita 25, 4.8 kwenye 37.5, 5.6 kwenye 50, 6.4 kwenye 62.5. Nukta za usawa, ya kwanza na ya pili, zimepitwa humo ndani, na jicho halioni chochote. Ndipo kati ya mililita 74 na 76 pH inaruka kutoka 7.8 hadi 11. Mpando huo mmoja ni wa protoni zote tatu kwa pamoja.

Kosa la hesabu linalofuata hapa ni la kawaida mno. Mililita 5 za maji ya limau yenye gramu 50 za asidi kwa lita huhitaji mililita 39 za kostiki ya moli 0.1. Anayeona mpando mmoja na kudhani protoni ni moja atapata gramu 150 kwa lita, limau ambalo hakuna anayeweza kulinywa. Mchoro hausemi wenyewe kuwa mpando umebeba protoni tatu. Hilo hujulikana kwa kuifahamu asidi, au kwa kupima kiasi chake kwa njia nyingine na kulinganisha.

Limau, kwa bahati, ndilo lililoleta mita ya pH ya kisasa. Mwaka 1934 Arnold Beckman, mwalimu wa kemia huko Pasadena, California, aliombwa na Glen Joseph, rafiki yake wa tangu masomoni, amsaidie kupima ukali wa maji ya malimau katika shirika la wakulima wa matunda. Dawa ya salfa dioksaidi iliyotiwa kuyahifadhi iliharibu vipimo vilivyokuwepo. Beckman alitengeneza kifaa chenye elektrodi ya kioo na vali za kukuza umeme mdogo, na kampuni iliyotokana nacho ilikuja kuwa kubwa.

Mteremko ule mrefu wa sitriki, unaokera anayetafuta mipando, ni faida kwa anayetaka bafa. Kuanzia pH 3 hadi 6 na nusu hakuna mahali ambapo sitrati haishikilii. Chumvi yake, sitrati ya sodiamu, imo katika pakiti za chumvi za kumrudishia maji mgonjwa wa kuhara: gramu 2.9 kwa kila lita katika fomula ambayo Shirika la Afya Duniani limeitumia tangu mwaka 2002. Zamani pakiti hizo zilikuwa na bikaboneti. Sitrati iliichukulia nafasi katika miaka ya 1980, hasa kwa sababu pakiti yenye bikaboneti ilikuwa ikiharibika na kugeuka rangi katika joto na unyevu wa nchi za tropiki. Dawa hiyo ikitonwa asidi badala ya kostiki, mchoro wake ni ule wa ndimu uliopinduliwa: unashuka polepole, hauonyeshi ukingo wowote hadi sitrati yote imegeuka asidi, na hata hapo mwishoni mruko ni wa kutafuta kwa macho makali.

Kati ya fosforiki na sitriki amekaa kaboniki, mwenye pKa za 6.35 na 10.33. Pengo ni 3.98, kwenye ukingo hasa wa kanuni. Ni bahati mbaya, maana hakuna asidi ya protoni nyingi inayopimwa mara nyingi zaidi kuliko hii: kila kipimo cha alkali ya maji ni titresheni ya chumvi za kaboniki.

Katika maji, mchoro husomwa kwa kurudi nyuma. Kinachoanza ni besi, kaboneti na bikaboneti, na kinachotonwa ni asidi kali, hivyo mstari unashuka. Kaboneti hupokea protoni na kuwa bikaboneti. Mwisho wa kazi hiyo uko kwenye pH 8.3, ambapo kiashiria cha fenolifthalini kinaacha waridi na kubaki bila rangi. Kisha bikaboneti, ile ya asili pamoja na iliyotengenezwa sasa hivi, hupokea protoni na kuwa kaboni dioksaidi. Mwisho wake uko karibu na pH 4.5, ambapo kiashiria cha methili oranji kinaanza kuacha manjano.

Ziwa Albert linafaa sana kwa somo hili. Mwaka 1965 Jack Talling na Ida Talling walichapisha muhtasari wa kemia ya maziwa ya Afrika ambao bado hurejewa. Katika takwimu zake, lita moja ya maji ya Ziwa Albert humeza milimoli kama 7 za asidi kabla ya kufika mwisho wa pili, wakati lita ya Ziwa Victoria humeza kama 1 tu. Tofauti hiyo kubwa inatokana na Mto Semliki, unaoleta maji ya Ziwa Edward, nayo yamepita kwenye miamba ya volkano ya Virunga na kubeba sodiamu, potasiamu na magnesiamu pamoja na bikaboneti yake. Mto Nile kutoka Victoria, wenye maji laini, huingia Albert kwenye ncha ya kaskazini na kutoka palepale karibu, kwa hiyo haubadilishi sana maji ya upande wa Kasenyi na Tchomia.

Mililita 100 za maji kama hayo, yakiwa na pH 9, zikitonwa asidi ya haidrokloriki ya moli 0.02, hesabu ni hii. Waridi wa fenolifthalini hufifia baada ya mililita 1.5 hivi. Mwisho wa pili hufika kwenye mililita 35. Kaboneti inahitaji protoni mbili, nusu kabla ya pH 8.3 na nusu baada yake, kwa hiyo sehemu yake ya jumla ni mililita 3, na 32 zinazobaki ni za bikaboneti. Maji ya Ziwa Victoria kwa mtindo huohuo yangemaliza kwenye mililita 5 au pungufu.

Umbo la mstari kati ya nukta hizo lina maana katika vijiji vya wavuvi ambako kipindupindu hujirudia na maji ya ziwa hutiwa klorini kabla ya kunywewa. Klorini majini huwa asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua vijidudu upesi. pKa yake ni 7.5 hivi. Kwenye pH 7.5 nusu yake iko katika hali hiyo kali, kwenye pH 9 ni kama asilimia 3 tu, na iliyobaki ni hipokloriti inayofanya kazi taratibu. Klorini bado inasaidia, ila inadai muda mrefu zaidi au kipimo kikubwa zaidi. Anayetaka kuishusha pH husaidiwa na mchoro: kutoka 9 hadi 7.5 lita moja ya maji haya huhitaji chini ya milimoli 1 ya asidi, kwa kuwa hapo mstari unapita kwenye mteremko wa pH 8.3. Kutoka 7.5 hadi 4.5 huhitaji zaidi ya 6, kwa kuwa hapo kuna tambarare ya pKa 6.35. Kiwanda cha kusafisha maji kinachotumia alumu hutegemea tambarare hiyohiyo. Alumu huzalisha asidi inapogandisha tope, na maji yasiyo na bikaboneti ya kutosha huporomoka pH hadi tope likakataa kuganda.

Mipando miwili ya kaboniki inaweza pia kutambulisha unga usiojulikana. Njia hii huitwa kwa jina la Robert Warder, aliyeieleza mwaka 1881, na jikoni ina mfano wake tayari: magadi ya kulainishia maharage. Magadi ya asili, kama yale yanayovunwa Ziwa Magadi kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianza mwaka 1911, ni madini ya trona, yenye kaboneti moja kwa kila bikaboneti moja. Gramu 0.226 za trona safi, zikitonwa asidi ya moli 0.1, hupoteza waridi kwenye mililita 10, kisha hudai mililita 20 nyingine kufika mwisho. Sehemu ya pili ni mara mbili ya kwanza, na uwiano huo ndio alama ya trona. Kaboneti safi ya sodiamu ingetoa sehemu mbili zilizo sawa. Bikaboneti tupu, ile ya kuumulia maandazi, haina sehemu ya kwanza ya kutajika.

Uwiano ukigeuka, sehemu ya kwanza ikawa ndefu kuliko ya pili, kuna haidroksaidi ndani. Hivyo ndivyo yanavyoonekana maji ya majivu yaliyochemshwa na chokaa kwa ajili ya sabuni: chokaa imeichukua kaboneti na kuacha kostiki ya potasiamu, ambayo humezwa yote kabla ya pH 8.3. Tofauti kati ya sehemu mbili humwambia mtengeneza sabuni ni kostiki kiasi gani amepata, bila kifaa chochote zaidi ya bureti na viashiria viwili.

Mpando wa pH 8.3, hata hivyo, ni hafifu, kwa kuwa pengo la 3.98 haliupi nafasi. Waridi haupotei ghafla, unakonda, na wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kwa sehemu ya mililita. Dawa ya zamani ni kuweka kando chupa ya bikaboneti safi yenye kiashiria kilekile na kuacha kutona rangi mbili zinapofanana. Mpando wa chini nao una ugonjwa wake. Kaboni dioksaidi inayozaliwa hukaa majini na kuulainisha ukingo. Hutibiwa kwa kuchemsha: karibu na mwisho, chupa huwekwa motoni gesi itoke, pH hupanda tena, ikapozwa na kumaliziwa kwa matone machache, na safari hii mruko ni mkali. Bunia, kwa mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na gesi hutoka vilevile.

Kostiki yenyewe humeza kaboni dioksaidi ya hewa. Chupa iliyokaa wazi wiki kadhaa huwa na kaboneti, na mchoro wa siki, ambao ungepaswa kuwa na mpando mmoja safi, huota kinundu kidogo karibu na pH 6.4. Kinundu hicho kimewahi kutafsiriwa kuwa protoni ya pili ya asidi ambayo haina protoni ya pili. Kabla ya kuamini mpando mdogo usiotarajiwa, mpimaji mzuri hupima asidi ya haidrokloriki kwa kostiki ileile na kuona kama kinundu kinajitokeza.

Mpando ukiwa dhaifu bila kosa la mtu, kuna njia ya kuutafuta kwa hesabu. Badala ya kuchora pH, huchorwa badiliko la pH kwa kila mililita. Mpando hujitokeza kama kilele, na ncha yake ndiyo nukta ya usawa. Njia hiyo hutaka vipimo vingi vya karibukaribu, tone kwa tone, penye shaka. Gunnar Gran wa Sweden alitoa nyingine mwaka 1952, inayogeuza sehemu ya mchoro iliyopita nukta ya usawa kuwa mstari ulionyooka na kuurefusha hadi ukate sifuri. Hutumika sana kwa maji yenye alkali kidogo, ambako rangi za viashiria hudanganya. Kwa sitriki hakuna kati ya njia hizo inayoifufua mipando miwili ya mwanzo, kwa kuwa haikuwepo. pKa zake tatu hupatikana kwa kuchukua mchoro mzima, nukta kwa nukta, na kuiachia programu ya hesabu itafute namba tatu zinazouzalisha tena kwa ukaribu kuliko nyingine zote.